Mwalimu Nyerere na Ujenzi wa Ulinzi wa Pamoja Kusini mwa Afrika

Na Mwandishi Wetu, Chanika – Dar es Salaam

Barabara inayotoka katikati ya Jiji la Dar es Salaam kuelekea Chanika hupita Ukonga na Gongo la Mboto, kisha hupanda vilima vya Pugu kabla ya kuyafikia makazi yanayopakana na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Wakazi wengi wa Chanika huipita njia hiyo kila siku waendapo kazini na warudipo. Katika vilima hivyo ipo shule ambayo miaka ya 1950 ilijulikana kwa jina la Mtakatifu Fransisko na ambayo leo ni Shule ya Sekondari Pugu. Hapo ndipo alipofundisha kijana aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Uingereza, Julius Kambarage Nyerere, na ndipo alipolazimika kuchagua kati ya kazi ya ualimu na kazi ya siasa.

Wengi humkumbuka Mwalimu kwa Uhuru, Muungano, Azimio la Arusha na Kiswahili. Upande mmoja wa maisha yake, hata hivyo, hutajwa kwa haraka ilhali matunda yake yanaonekana hadi leo, nao ni juhudi zake za miaka zaidi ya 30 za kuzifanya nchi jirani zione kuwa amani ya mmoja wao haiwezi kulindwa na mmoja peke yake. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa kuufuata upande huo.

Mwana wa Butiama

Julius Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922 huko Butiama, karibu na Musoma, mashariki mwa Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa Mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea Shule ya Serikali ya Tabora, na baadaye Chuo cha Makerere nchini Uganda. Alipotoka Makerere alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, hadi mwaka 1949 alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alikohitimu shahada ya M.A. mwaka 1952.

Safari hizo za masomo zilimpa jambo ambalo vijana wengi wa wakati wake hawakulipata. Makerere alikaa na Waganda, Wakenya na Wazanzibari. Edinburgh alisoma historia na uchumi, akafuatilia mijadala ya wakati ule kuhusu mpango wa wakoloni wa kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland chini ya walowezi. Aliporudi nyumbani alikuwa amekwishaona kuwa suala la Tanganyika lilikuwa na ndugu zake kaskazini na kusini.

Mwezi Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Waningu Gabriel. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, akiwa bado mwalimu wa Pugu. Kutoka Pugu hadi mjini ni mwendo wa kilomita kama 20, naye aliugawa muda wake kati ya darasa na mikutano. Tarehe 7 Julai, 1954 TAA ilizaa TANU. Mwezi Machi 1955, baada ya kwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, alijiuzulu ualimu. Jina la kazi aliyoiacha ndilo lililobaki kuwa jina lake.

Umoja kabla ya Uhuru

Mwezi Septemba 1958, miaka mitatu kabla ya Tanganyika kuwa huru, viongozi wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati walikutana Mwanza na kuunda umoja uliojulikana kwa kifupi kama PAFMECA. Mwalimu alikuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu. Umoja huo haukuwa na jeshi wala hazina kubwa, lakini uliwafundisha viongozi hao namna ya kushauriana kabla ya kuamua na kupatanisha vyama vilivyogombana ndani ya nchi moja.

Mwaka 1960 Mwalimu alikwenda mbali zaidi. Alitangaza kuwa Tanganyika ingekuwa tayari kuchelewesha uhuru wake ikiwa kufanya hivyo kungeziwezesha Kenya, Uganda na Tanganyika kuingia katika uhuru zikiwa shirikisho moja. Pendekezo hilo halikutimia. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, na ijapokuwa viongozi wa nchi tatu walitia saini Nairobi mwezi Juni 1963 tamko la kuunda shirikisho, nia hiyo nayo haikufika mwisho wake.

Mwezi Mei 1963 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa na kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Mkutano huo uliunda pia Kamati ya Ukombozi yenye wajumbe kutoka nchi 9, na ukaamua makao yake yawe Dar es Salaam. Kwa uamuzi huo jiji hili likawa mahali ambapo misaada ya Afrika kwa wapigania uhuru ilipokelewa, ikagawanywa na kusimamiwa. FRELIMO ilikuwa imeundwa hapa mwaka mmoja kabla, mwezi Juni 1962, chini ya uongozi wa Dkt. Eduardo Mondlane, na Taasisi yake ya Msumbiji ikafunguliwa Kurasini, Temeke, kwa ajili ya kuwasomesha vijana waliokimbia utawala wa Wareno.

Funzo la Januari 1964

Usiku wa tarehe 20 Januari, 1964, siku chache tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Kinondoni, waliasi. Walidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza walioendelea kuliongoza jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni. Maasi yalienea hadi Tabora, na ndani ya siku hizohizo askari wa Uganda na Kenya nao waligoma. Mwalimu hakuwa na kikosi kingine cha kuitegemea. Alilazimika kuiomba Uingereza, na tarehe 25 Januari askari wa majini wa Kiingereza walitua Dar es Salaam na kuyazima maasi.

Kwa kiongozi aliyekuwa amepokea bendera ya Uhuru miaka miwili tu iliyopita, kuyaita majeshi ya mtawala wa zamani lilikuwa jambo zito. Alichofanya baadaye ndicho kinachostahili kukumbukwa. Hakulificha jambo hilo kwa majirani zake. Mwezi Februari aliwaita Dar es Salaam mawaziri wa nchi za OAU katika kikao cha dharura, akawaeleza yaliyotokea, na akaomba askari wa Kiingereza nafasi yao ichukuliwe na askari wa Afrika. Nigeria ilikubali. Batalioni yake iliwasili mwezi Aprili na kuilinda nchi hadi Septemba, wakati Tanzania ikijenga jeshi jipya. Tarehe 1 Septemba, 1964 lilizaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiandikisha vijana waliotoka miongoni mwa wananchi wenyewe.

Mambo mawili ya baadaye yanaeleweka vizuri zaidi kwa kuikumbuka Januari ile. La kwanza ni Muungano wa tarehe 26 Aprili, 1964, ambao Mwalimu na Sheikh Abeid Amani Karume waliufikia katika miezi hiyohiyo ya mashaka. La pili ni azimio la mkutano wa wakuu wa OAU uliofanyika Cairo mwezi Julai 1964, ambalo Mwalimu alilipendekeza, la kutaka kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Aliijua vyema kasoro ya mipaka hiyo iliyochorwa na wageni. Aliona, hata hivyo, kwamba majirani wakianza kudaiana ardhi, hakuna ulinzi wa pamoja utakaowezekana kati yao.

Gharama ya kuwa mstari wa mbele

Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru. OAU ilizitaka nchi wanachama zivunje uhusiano na Uingereza iwapo isingechukua hatua. Nchi chache ndizo zilizotekeleza, na Tanzania ilikuwa mojawapo, mwezi Desemba mwaka huo. Matokeo yake yalikuwa kupoteza mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa ukisubiriwa kwa ajili ya maendeleo. Kwa nchi changa, fedha hizo zilikuwa shule, zahanati na barabara.

Zambia ndiyo iliyobanwa zaidi. Shaba yake na mafuta yake vilipita katika reli na bandari zilizoshikwa na walowezi na Wareno. Mwalimu na Rais Kenneth Kaunda waliona kuwa nchi isiyo na njia yake ya kufika baharini haiwezi kuwa na msimamo wake katika mambo ya usalama. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970, ilikabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo inayotoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi ilibeba mizigo ya biashara, lakini sababu iliyoizaa ilikuwa ya ulinzi.

Mwezi Aprili 1969 nchi za Afrika Mashariki na Kati zilikutana Lusaka na kupitisha tamko ambalo Mwalimu alichangia sana kuliandika. Ilani ya Lusaka ilieleza kuwa nchi hizo zilipendelea mazungumzo kuliko vita, lakini kwamba penye njia ya amani kufungwa zingewasaidia wanaopigania haki yao kwa silaha. Ilani hiyo ilikubaliwa na OAU, kisha na Umoja wa Mataifa. Kwa mara ya kwanza kundi la nchi jirani lilikuwa na msimamo mmoja ulioandikwa kuhusu vita na amani katika eneo lao.

Msimamo huo ulidai damu. Miezi miwili kabla, tarehe 3 Februari, 1969, Dkt. Mondlane aliuawa Oysterbay kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Katika mpaka wa kusini, wananchi wa vijiji vya Mtwara na Ruvuma waliishi chini ya mashambulizi ya Wareno kwa sababu ya kuwahifadhi wapiganaji na wakimbizi. Kambi za Kongwa, Nachingwea na Mgagao ziliendelea kuwapokea vijana wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia, Angola na Afrika Kusini.

Meza isiyo na katiba

Mapinduzi ya Ureno ya Aprili 1974 yalibadili hali. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975 na Angola tarehe 11 Novemba mwaka huo. Katika kipindi hicho mashauriano ya Mwalimu, Kaunda na Sir Seretse Khama wa Botswana yalipata sura ya kundi kamili, ambalo lilikamilishwa na Samora Machel wa Msumbiji na Agostinho Neto wa Angola. Kundi hilo liliitwa Nchi za Mstari wa Mbele, na Mwalimu akawa Mwenyekiti wake hadi alipostaafu urais mwaka 1985.

Nchi za Mstari wa Mbele hazikuwa na katiba, sekretarieti wala jengo. Marais walipigiana simu, wakakutana kwa taarifa ya siku chache Lusaka, Dar es Salaam, Maputo au Gaborone, wakazungumza bila hotuba ndefu na kutoka na uamuzi mmoja. Chini yao mawaziri na wakuu wa vyombo vya ulinzi walikuwa na kamati yao ya pamoja iliyoshughulikia mambo ya kijeshi, polisi na taarifa za usalama. Mgawanyo wa kazi ulifuata uwezo na mahali ilipo nchi. Msumbiji na Zambia zilibeba kambi za wapiganaji zilizokuwa karibu na adui. Botswana, iliyozungukwa na tawala za walowezi, iliwapokea wakimbizi na kutoa sauti ya kidiplomasia. Tanzania, iliyokuwa mbali kidogo na mizinga, ilitoa mafunzo, bandari na uenyekiti.

Haikuwa rahisi. Mwaka 1975 majirani hao waligawanyika kuhusu Angola. Tanzania na Msumbiji ziliitambua serikali ya MPLA, wakati Zambia ilitaka kwanza vyama vyote vitatu viunde serikali ya umoja. Mkutano maalumu wa OAU wa Januari 1976 uligawanyika nusu kwa nusu, nchi 22 kwa 22. Kundi dogo la Mstari wa Mbele lingeweza kufa hapo. Halikufa, kwa kuwa viongozi wake walikubaliana kuendelea kushirikiana kuhusu Rhodesia huku wakitofautiana kuhusu Angola, na miezi michache baadaye Zambia nayo iliitambua serikali ya Luanda.

Kuhusu Rhodesia walitumia silaha mbili kwa pamoja. Waliwasaidia wapiganaji, na wakati huohuo waliwashurutisha wanasiasa wa Zimbabwe waungane. Mwaka 1976 Joshua Nkomo na Robert Mugabe waliunda Patriotic Front baada ya msukumo mkubwa wa marais hao. Gharama zilikuwa kubwa. Msumbiji iliufunga mpaka wake na Rhodesia mwezi Machi 1976 na kupoteza mapato ya bandari na reli, na mashambulizi ya Nyadzonia mwaka 1976 na Chimoio mwaka 1977 yaliua watu wengi katika ardhi yake. Ilipofika mwaka 1979, baada ya mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Lusaka mwezi Agosti, pande zote ziliitwa Lancaster House, London. Marais wa Mstari wa Mbele, ambao nchi zao zilikuwa zimechoka, waliwahimiza wapiganaji wasiondoke mezani. Mkataba ulitiwa saini mwezi Desemba, na Zimbabwe ikawa huru tarehe 18 Aprili, 1980.

Pengo la kaskazini

Wakati kusini ushirikiano ukizaa matunda, kaskazini ulikuwa ukivunjika. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1967 ilisambaratika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin tangu mapinduzi ya Januari 1971, ambayo Mwalimu alikataa kuyatambua. Mwaka 1972 wapinzani wa Amin waliovuka kutoka Tanzania walishindwa, na Somalia ikasaidia kuzipatanisha nchi hizo mbili kwa Mapatano ya Mogadishu. Yalikuwa mapatano ya kuzuia moto kwa muda tu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakapora mali na kutangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda. OAU ilitaka pande zote mbili zisitishe mapigano, lakini haikuwa na chombo cha kumkabili aliyevamia. Hapakuwa na mkataba wa kujihami wala meza ya kukutania. Tanzania iliingia vitani, ikasaidiwa na askari waliotumwa na Msumbiji pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Tarehe 11 Aprili, 1979 Kampala ilikombolewa, na vita vikaisha mwezi Juni.

Ushindi huo ulimwondoa mtawala aliyewaua raia wake wengi, lakini baadhi ya viongozi wa Afrika walihoji jeshi la nchi moja kuingia katika mji mkuu wa nyingine, hasa kwa kuwa aliyefanya hivyo ndiye aliyetetea utakatifu wa mipaka kule Cairo. Nyumbani vita viliacha familia zilizofiwa na hazina iliyopungua, huku bei ya mafuta ikipanda duniani. Ukilinganisha kusini na kaskazini katika miaka hiyo, tofauti iko wazi. Kusini palikuwa na majirani waliokuwa na desturi ya kukaa pamoja kabla ya moto kuwaka. Kaskazini desturi hiyo ilikuwa imevunjika, na kazi yote ikabaki kwa askari.

Kutoka watu hadi taasisi

Mwezi Julai 1979 Nchi za Mstari wa Mbele ziliwaita wadau wao Arusha kuzungumzia uchumi. Tarehe 1 Aprili, 1980 nchi 9 zilikutana Lusaka na kuanzisha SADCC, kwa lengo la kupunguza utegemezi wao kwa Afrika Kusini ya makaburu. Sir Seretse Khama, aliyekuwa Mwenyekiti wake wa kwanza, alifariki dunia miezi mitatu baadaye. Tarehe 19 Oktoba, 1986 Samora Machel alikufa katika ajali ya ndege huko Mbuzini. Tanzania ilituma askari wake kuisaidia Msumbiji dhidi ya waasi wa RENAMO, nao walibaki huko hadi mwaka 1988. Mwalimu wakati huo hakuwa tena Rais, baada ya kumkabidhi madaraka Mzee Ali Hassan Mwinyi mwezi Novemba 1985, lakini aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990.

Vifo hivyo viliweka wazi udhaifu wa mfumo uliotegemea kuaminiana kwa watu wachache. Kundi lililokaa kwenye meza moja mwaka 1976 lilikuwa linapungua, na hapakuwa na maandishi ya kuwafunga warithi wao. Namibia ilipata uhuru mwaka 1990. SADCC iligeuzwa kuwa SADC kwa mkataba uliotiwa saini Windhoek tarehe 17 Agosti, 1992. Afrika Kusini ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa wote mwaka 1994, Nchi za Mstari wa Mbele zilihitimisha kazi yake, na Kamati ya Ukombozi, ambayo Brigedia Jenerali Hashim Mbita aliitumikia kama Katibu Mtendaji tangu mwaka 1972, ikafungwa. Mwezi Juni 1996, Gaborone, wakuu wa SADC waliunda Asasi ya Siasa, Ulinzi na Usalama ili ichukue kazi ya ile meza isiyo na katiba.

Kazi ya mwisho

Katika miaka yake ya mwisho Mwalimu alirudi kwenye upatanishi. Burundi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wakimbizi walikuwa wakimiminika Kigoma. Kuanzia mwaka 1996 aliteuliwa kuwa msuluhishi. Majirani wa Burundi walikutana Arusha mwezi Julai 1996 na kuiwekea vikwazo vya uchumi baada ya mapinduzi ya kijeshi, hatua ambayo haikuwa imezoeleka kwa nchi za Kiafrika dhidi ya jirani yao. Mazungumzo ya vyama vingi yalifunguliwa Arusha mwezi Juni 1998, na vikwazo vikasitishwa mwezi Januari 1999 ili mazungumzo yapate nafasi. Mwalimu aliyaendesha kwa subira, kamati kwa kamati, hata afya yake ilipoanza kudhoofika.

Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba, 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, kwa maradhi ya saratani ya damu, na akazikwa Butiama. Mzee Nelson Mandela aliichukua kazi yake, na Mkataba wa Arusha kuhusu Burundi ulitiwa saini tarehe 28 Agosti, 2000. Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba, 1999, wiki chache baada ya mazishi yake.

Alichoacha bila kuandikwa kiliandikwa baadaye. Tarehe 14 Agosti, 2001, Blantyre, wakuu wa SADC walitia saini Itifaki ya Asasi ya Siasa, Ulinzi na Usalama. Kwa itifaki hiyo Mwenyekiti wa Asasi hubadilishwa kila mwaka na hufanya kazi pamoja na aliyemtangulia na atakayemfuata, na hawezi kuwa wakati huohuo Mwenyekiti wa Jumuiya nzima. Mawaziri wa mambo ya nje, ulinzi na usalama wana kamati zao. Mwezi Agosti 2003, jijini Dar es Salaam, ulitiwa saini Mkataba wa Kulindana unaoeleza kuwa shambulio dhidi ya nchi mwanachama ni tishio kwa amani ya eneo zima. Kikosi cha Dharura cha SADC kilizinduliwa Lusaka mwaka 2007. Askari wa Tanzania walikuwa miongoni mwa waliotumwa mashariki mwa Kongo mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, na miongoni mwa waliokwenda Cabo Delgado mwaka 2021 chini ya bendera ya SADC.

Misheni ya Cabo Delgado ilihitimishwa mwaka 2024. Vijana waliotumwa huko waliufikia mkoa ambao baba na babu zao waliwaona wapiganaji wa FRELIMO wakivuka Mto Ruvuma kuuingia. Safari hii walivuka kwa idhini ya serikali ya Maputo, chini ya itifaki iliyosainiwa na wakuu wa SADC, na kwa muda uliopangwa na kikao. Pia walikwenda katika jumuiya ambayo, kwa uamuzi wa mkutano wake wa Dar es Salaam wa Agosti 2019, iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa moja ya lugha zake rasmi.